Kipya Kinyemi: Uasili wa Gari Kuukuu

Chevrolet Bel Air la mwaka 1957 likichunwa rangi, likatiwa mabati na viti vipya, je, ni gari lile lile au ni kivuli chake? Swali ni la kale: Plutarch alisimulia jinsi wanafalsafa walivyobishana juu ya merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa mbao zake moja baada ya moja.

Nchini Marekani, chama cha AACA, kilichoasisiwa mwaka 1935, hulihukumu gari lililofufuliwa kwa alama 400, kikipunguza kwa kila kasoro inayolitenga na hali ya kiwandani. Hapo kutu ni kosa. Lakini chama hicho hicho kina daraja la magari yaliyohifadhi sehemu zake za awali, na humo rangi iliyofifia ni fahari. Huko Cuba, baada ya Marekani kuzuia biashara mwaka 1960, magari kama hayo yalitiwa injini ngeni za dizeli. Hayangeshinda popote, ila yamebeba abiria kwa zaidi ya miaka sitini.

Uasili, basi, una sura tatu: umbo, mwili na kazi. Afufuaye umbo hufuta mwilini athari za miaka; ahifadhiye mwili aghalabu huisimamisha kazi. Hakuna apataye yote. Kuchagua si dhambi. Dhambi ni kuficha. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kipya kinachojiita cha kale kimekwisha kumwibia mtazamaji ukweli.