Uchaguzi wa Asiyejua

Mtunzi wa utenzi huwa ameshajifunga kabla hajaandika ubeti wa pili. Kipande cha nne cha ubeti wa kwanza kina kina chake, na kina hicho, ambacho wenyewe tunakiita kina cha bahari, hakitamwachia mpaka tamati. Akijaaliwa kuchagua silabi ambayo lugha imeijaza tele, atasafiri beti mia tano kwa upepo mwema. Akichagua silabi adimu, ubeti wa themanini utamkuta akiokotaokota maneno kama mvuvi aliyechelewa mnadani. Hapo atakimbilia inkisari, mazda na tabdila, alifupishe neno hili, alirefushe lile na kuligeuza la tatu, na wasomaji watasema kwamba ametunga vibaya. Lakini siku aliyochagua kina hakujua utenzi ungempeleka wapi. Je, lawama ni yake?

Swali hili ni kongwe. Wanafalsafa na wanazuoni wa dini wameligombania kwa majina mengi, na sina haja ya kuyarudia hapa. Mimi lilinijia upya mahali ambapo sikulitarajia, Uru, katika miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, baina ya Kibosho na Moshi ya zamani. Huko migomba huifunika mibuni, na maji ya mlima hushuka kwa mifereji ambayo wahenga wa Kichaga waliichimba kwa mikono. Katika nyumba niliyofikia walikuwamo vijana wawili, wajukuu wa mwenyeji wangu, ambao kila jioni, umeme ukiwapo, walikaa mbele ya televisheni wakicheza gemu. Niliketi nao siku ya kwanza kwa adabu ya mgeni. Siku ya pili niliketi kwa sababu nilitaka kujua kitatokea nini.

Mchezo wenyewe unaitwa Elden Ring. Ni kazi ya kampuni ya Kijapani FromSoftware, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na visa vyake vya asili viliandikwa na George R. R. Martin wa Marekani. Ulitoka tarehe 25 Februari 2022, na sifa yake kubwa duniani ni ugumu. Mchezaji huingia katika nchi iliyovunjika, yenye wafalme waliopotoka na majitu na mazimwi, na kufa ni kazi yake ya kila siku. Akifa huamka tena jirani na pale alipofia, ila mali yake yote, yaani runi ambazo ndizo fedha na ndizo elimu ya kujikuza, hubakia chini mahali alipoanguka. Akitaka kuzipata hana budi kurudi palepale. Akifa tena njiani kabla hajazifikia, zimepotea moja kwa moja.

Kabla ya yote hayo, lakini, mchezaji huulizwa: wewe ni nani? Huwekewa aina kumi za watu, akiwamo shujaa, mnajimu, mtabiri, jambazi, mfungwa na samurai, achague mmoja. Kisha, kadiri anavyopata runi, hugawa nguvu zake katika sifa nane: uhai, moyo, ustahimilivu, nguvu, wepesi, akili, imani na siri. Huku ndiko wachezaji wanakokuita kumjenga mhusika, na ndiko wengi wanakoangamia. Asiyejua hugawa sawasawa, kidogo huku na kidogo kule, akidhani kwamba uadilifu ndio huo, na mwisho hutoka na mtu anayejua kila kitu asichokiweza. Mwengine humimina zote katika nguvu, akabeba upanga mkubwa kuliko yeye, akasahau uhai. Adui akimgusa mara moja, hayupo. Sisi wa pwani tunamjua mtu huyo tangu zamani. Fumo Liyongo wa utenzi wa Muhamadi Kijumwa alikuwa na kimo, nguvu, upinde na ushairi, akawa na kitovu kimoja cha kuchomwa sindano ya shaba.

Vioja vya wachezaji ni vingi, na kimoja nitakieleza. Katika nchi ya mwanzo kuna magofu yaliyochomwa na zimwi, na chini yake limo sanduku. Mkubwa wa wale vijana alilifungua kwa furaha, ukatoka moshi ukambeba, naye akazinduka ndani ya mgodi wa nchi nyingine kabisa, nyekundu kama kidonda, ambamo kila kiumbe kingeweza kumuua kwa pigo moja au mawili. Na humo mgodini mchezo haumruhusu mtu kujirudisha alikotoka. Sharti kwanza autafute mlango kwa miguu. Alikufa mara kumi na kitu. Mdogo wake alicheka mpaka akalala chini, na bibi yao akauliza kutoka jikoni kama kuna msiba.

"Kaka, hukujua," alisema yule mdogo alipotulia.

"Sikujua, lakini nililifungua mimi," akajibu mwenziwe.

Nililipenda jibu hilo, kwani linatenga vitu viwili ambavyo vitabu vingi huvichanganya. Kutojua humwondolea mtu ubaya wa nia, hakumwondolei umiliki wa tendo. Sanduku ni lake. Miguu ya kumtoa mgodini, vilevile, ni yake.

Miongoni mwa wale kumi yumo mmoja ambaye mchezo unamwita fukara. Wenziwe huanza katika daraja baina ya tano na kumi. Yeye huanza na moja. Kila sifa yake ni kumi, hana nguo wala ngao, ana rungu tu. Nimesikia ikisemwa kwamba fukara ndiye aliye huru kupita wote, kwa kuwa hajapinda upande wowote na anaweza kuwa chochote. Kauli hii ni tamu, nami siiamini. Anayemchagua fukara ni aghalabu mchezaji stadi, ambaye ameshaumaliza mchezo mara mbili au tatu na anatafuta sifa. Ufukara wa kuchagua ni pambo. Ufukara halisi haukuwekewa orodha ya kumi.

Na Uru ni mahali pazuri pa kulifikiria hilo. Kwa mila ya Wachaga ya siku nyingi, kihamba, yaani ardhi ya nyumbani yenye migomba, mibuni na makaburi ya wazee, kilikuwa na utaratibu wake. Mwana wa kwanza alikatiwa sehemu yake. Kitinda mimba alibaki katika nyumba ya baba na kuirithi. Wa kati walipaswa kujitafutia. Zamani, ardhi ilipokuwapo, kujitafutia kulikuwa ni kufyeka kihamba kipya. Watu walipoongezeka na vihamba vikagawanywa hadi vikawa vipande, kujitafutia kukawa ni kushuka tambarare au kwenda mjini kufungua duka. Huenda yule Mchaga muuza vipuri tunayemjua sote hapa kisiwani ni mwana wa kati. Ama binti, kwa mila hiyo, hakuwamo hata katika orodha ya wahusika. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimtambua mwanamke kuwa na haki sawa ya kumiliki, lakini sheria kufika kihambani ni safari nyingine. Hakuna katika hawa aliyeulizwa, kabla ya kuzaliwa, wewe ni nani.

Kwa hiyo tukisema kwamba mchezo umemtendea mchezaji dhuluma kwa kumtaka achague kabla hajajua, tukumbuke kwamba umemfanyia hisani ambayo dunia haimfanyii mtu: umemwuliza.

Hisani ya pili ni kubwa zaidi. Katika michezo ya mwanzo ya mkondo huu, kama Dark Souls ya mwaka 2011, aliyejijenga vibaya alikaa na ubaya wake mpaka mwisho, au akaanza upya kabisa. Katika Elden Ring yuko malkia, Rennala, ndani ya chuo cha wachawi, ambaye ukishamshinda hukubali kukuzaa mara ya pili. Unampa chozi moja la aina maalumu, na machozi hayo ni machache yenye hesabu. Naye anakuachia ugawe upya nguvu zako zote. Mwenye upanga anatoka mchawi. Hata hivyo kuna mpaka: hakuna sifa inayoweza kushushwa chini ya pale ulipoanzia siku ya kwanza. Aliyezaliwa samurai atazaliwa upya akiwa na samurai ndani yake. Tena wale wanafunzi wanaozaliwa na kuzaliwa tena mikononi mwa malkia huyo ni dhaifu, wenye maungo yasiyotimia, wanatambaa sakafuni. Inaonekana watunzi wenyewe hawakuwa na imani kamili na dawa waliyoitoa.

Basi makosa ya mtu juu ya nafsi yake yana njia. Kifo kina marejeo, ujenzi mbovu una chozi. Ningeishia hapo kama si lililotokea jioni ya nne.

Karibu na mwanzo wa safari kuna kanisa bovu lisilo na paa, na ndani yake ameketi mchuuzi, Kalé, kando ya moto wake, pamoja na mnyama wake wa mizigo. Ni wa kabila la wachuuzi wanaotangatanga, watu waliochukiwa na kufukuzwa. Ndiye mtu wa kwanza kukuuzia kitu. Yule mdogo alikuwa amepata upanga mpya na akawa anaujaribu mbele yake, kushoto na kulia, bila ya hila yoyote. Upanga ukampata mchuuzi, ukampata tena. Mzee akainuka kujitetea, kijana naye akajitetea, na punde Kalé akalala chini.

"Mrudishe," alisema.

"Harudi," akajibiwa na kaka yake.

Kweli harudi. Mchezo hujihifadhi wenyewe kila wakati, na humwachii nafasi ya kurudi nyuma kabla ya pigo. Mchezaji afaye mara elfu huamka mara elfu. Huyu aliyekufa mara moja hatainuka mpaka safari nzima iishe na ianzwe nyingine. Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Maiti ya mchuuzi huacha kengele, na kengele hiyo ukiipeleka kwa mabikizee fulani katika makao makuu ya wachezaji, bidhaa zake zote zinapatikana kwao. Hupungukiwi na mshale. Hesabu ya faida na hasara, ukiifanya kama mfanyabiashara, inatoka sifuri.

Wako watakaosema kwamba haya ni mapicha, hakuna aliyekufa, na mtu mzima anayekaa kuyafikiri ana nafasi nyingi mno. Nakubali kwamba hakuna aliyekufa. Lakini sikuuliza kama Kalé alikufa. Nimeuliza kwa nini kijana wa miaka kumi na saba, ambaye mwenyewe alishauawa jioni hiyo mara ishirini huku akitafuna muwa, alinyamaza kwa kifo hiki kimoja ambacho hakikumgharimu kitu. Kama thamani ya mtu ni manufaa yake kwetu, alipaswa kuchukua kengele na kuendelea. Kule kunyamaza kwake kulijua jambo ambalo hesabu haikulijua: katika kanisa lile palikuwa na mtu, na sasa pana bidhaa.

Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake alitunga mchezo uitwao Tales of Kenzera: Zau, uliotoka mwaka 2024. Kijana wake, Zau, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba. Nao ni mchezo wa kufa na kufufuka. Mchezaji huanguka na kuinuka atakavyo. Anayetakiwa kurudi ni mwengine, na mchezo mzima umejengwa juu ya uzito wa ombi hilo. Watunzi wawili, wa Japani na wa kwetu, wasioshauriana, wameweka wepesi upande mmoja na uzito upande uleule wa pili.

Nadhani wameweka sawa, na sisi tunaweka kinyume. Msikilize mtu mzima anapoeleza maisha yake: laiti ningesoma udaktari, laiti nisingeuza kile kiwanja, laiti ningeoa kule. Miaka thelathini analilia mgao wa sifa zake nane. Muulize juu ya mtumishi aliyemfukuza usiku, au nduguye aliyemnyima kipande cha kihamba, atakwambia yale yalishapita, na ati yule naye hatimaye alipata maisha. Bidhaa zinapatikana kwengine. Kwa nafsi yake anataka chozi la malkia kila asubuhi. Kwa mwenziwe anatosheka na kengele.

Kaka yake alimhimiza aipeleke kengele kwa wale mabikizee, maana mishale ilikuwa imebaki minne na mbele yao palikuwa na ngome. Alimwambia, kwa haki kabisa, kwamba kutoipeleka hakumfufui mtu, na kwamba ni ujinga kuteseka kwa ajili ya aliyekwisha kufa. Mdogo alikubali kila hoja. Kisha akaenda ngomeni na mishale yake minne, akauawa langoni, akarudi kuokota runi zake, akauawa tena.