Mas'ala ya Mtoto wa Mgeni na Mtoto wa Mwenyeji katika Nchi ya Tabora

 

Mtu wa pwani ana duka Tabora, na mwaka wa mali yake umetimia. Barazani pake wamesimama watoto wawili, wote wana njaa. Wa kwanza babake ni mgeni: alikuja pamoja na mkewe na wanawe kutoka upande wa Kigoma, au alivuka mpaka wa Burundi, akitafuta kibarua cha tumbaku. Wa pili ni mwana wa nchi, Mnyamwezi mwana wa Mnyamwezi. Babake aliondoka kwenda machimboni wala hakurudi, wala hana habari yake, naye hukaa kwa bibi yake. Mwenye duka huwatazama, kisha huijibu nafsi yake majibu mawili. Juu ya mtoto wa kwanza husema: "Huyu si wetu, ana kwao." Juu ya wa pili husema: "Huyu ana jamaa zake, hawatamtupa." Kisha fungu la zaka hulipeleka Tanga kwa binamu yake. Watoto wale wawili huenda zao na njaa yao, na mwenye mali hulala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Linaloulizwa ni hili: majibu hayo mawili yana msingi katika sharia, au ni maneno ya kutuliza moyo tu?

Yafaa kwanza kulitazama hilo neno mgeni, kwani katika Tabora limekwisha zunguka sana. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857, waliwakuta Waarabu wamekwisha jenga matembe na kupanda miti, na aliyewakaribisha alikuwa Snay bin Amir. Basi siku zile mgeni alikuwa nani? Alikuwa ni babu wa huyu mwenye duka. Alitoka Bagamoyo kwa miguu, mwendo wa miezi miwili au mitatu, akifika amechoka na homa, na nafaka aliyokula ilikuwa ya shamba la Mnyamwezi. Muhammad bin Juma el-Murjebi, babake Tippu Tip, alipewa zaidi ya chakula: alioa Karunde binti wa Mtemi Fundikira, akakaa Unyanyembe kama mtu mwenye nchi. Wageni wale wale, alipotawala Mtemi Mnywa Sere akawataka walipe ushuru wa biashara yao, walisaidia kumwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake, mnamo mwaka 1860. Habari hiyo haipendezi kuisoma barazani, lakini mwenye kutaka kupima haki ya mgeni na mwenyeji na aiweke katika mizani pamoja na nyingine.

Mwenyeji naye alikuwa mgeni. Wanyamwezi walishuka pwani kila msimu kwa maelfu, mizigo mabegani, wengine na wake zao na watoto wao. Na baadaye walikuja kulima mkonge wa Tanga na karafuu za Unguja. Tena wako Wamanyema, ambao wengi katika wazee wao hawakuja Tabora kwa kupenda wala kwa kualikwa. Walitolewa ng'ambo ya ziwa Tanganyika katika safari za pembe na watumwa, na utumwa katika Tanganyika haukuondolewa na sheria mpaka mwaka 1922. Leo mjukuu wa Mmanyema huhesabiwa katika wenyeji wa mji, na pengine yeye ndiye amwitaye mwingine mgeni.

Na huyo mwingine ni nani? Mwaka 1972 Warundi wengi walizikimbia nchi zao kwa mauaji, na serikali ya Tanzania ikawapa mahali pa kukaa: Ulyankulu katika mkoa wa Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa kusini yake. Walipewa ardhi wakalima. Ulyankulu maji yalikuwa machache na watu wengi, hata mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu yao wakahamishiwa Mishamo. Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia watu kiasi cha 162,000 katika hao na uzao wao, lakini hati zao zilianza kutolewa mwaka 2014. Kwa miaka minne mtu alikuwa amekubaliwa na hana cha kuonyesha. Mtoto aliyezaliwa Ulyankulu, na babake alizaliwa Ulyankulu, hakupata kuiona Burundi hata siku moja. Akiambiwa kuwa "ana kwao", ni kwao kupi?

Sasa na turejee katika jibu la kwanza. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, wanaostahiki zaka ni wale walio katika mji ambamo mali imo. Wanavyuoni waliposema watu wa mji hawakukusudia waliozaliwa humo. Wamewatia ndani yake wageni waliokuwapo wakati wa kuwajibika. Kinachotazamwa ni mahali alipo mtu na haja yake. Hakuna katika vitabu vya fikihi mlango unaouliza kabila la babake fakiri, wala hati yake, wala miaka aliyokaa. Tena katika mafungu manane ya zaka mna fungu la msafiri, naye hupewa kwa sababu yuko mbali na kwao. Basi jambo lile lile alilolifanya mwenye duka kuwa hoja ya kumnyima mtoto, sharia imelifanya kuwa hoja ya kumpa babake.

Jibu la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linaonekana kama hekima. Watu wa Afrika hawatupi watoto wao, ndivyo isemwavyo, na kwa hiyo mtoto wa mwenyeji hahitaji mtu wa nje. Ana wajomba, ana baba wadogo, ana mashangazi. Ni kweli kuwa desturi hiyo ni njema na imewalea wengi. Lakini na iulizwe katika madhehebu: nani ambaye nafaka ya mtoto fakiri imewajibika juu yake? Ni babake, akikosekana ni babu mzaa baba na waliomtangulia, kisha mamake na wazee wengine wa ukoo wake wenye uwezo. Nafaka kwa Shafii ni juu ya shina na matawi tu, wazazi kwenda juu na watoto kwenda chini. Ami hamo. Mjomba hamo. Hata ndugu wa tumbo moja hamo. Akitoa mmoja wao, ametoa sadaka na kuunga kizazi, na ujira wake ni mkubwa. Asipotoa, kadhi hawezi kumlazimisha. Basi mtoto yule wa Kinyamwezi, babake hajulikani aliko, babu amekufa, mamake hana kitu na bibi yake amechoka kwa uzee, mbele ya sharia hana mlishaji, ingawa ana jamaa arubaini. Katika kuhesabiwa amekuwa sawasawa na mtoto wa mgeni ambaye hana hata mmoja. Tofauti ni moja tu, kwamba upweke wa mgeni huonekana, na upweke wa mwenyeji umefunikwa na jamaa.

Wala mtu asiseme kuwa mtoto mwenye baba hai hapewi zaka. Asiyepewa kwa fungu la fakiri ni yule anayetoshelezwa na nafaka ya mzazi wake. Ama ambaye babake yu hai lakini hayupo, wala haleti, wala mali yake haipatikani, huyo hajatoshelezwa na kitu, naye hupewa kwa mkono wa anayemsimamia. Yatima ana jina, na watu humhurumia kwa jina lake. Mtoto wa baba aliyepotea machimboni hana jina, na labda ndiye mwenye shida kuliko yatima.

Lakini njaa hii haikuanguka kutoka mbinguni, na atakayetoa pishi ya mchele bila ya kuuliza ilikotoka njaa amefanya nusu ya kazi. Kibarua wa tumbaku katika Urambo na Kaliua na Sikonge mara nyingi hukodiwa kwa msimu mzima. Vitalu hupandwa kabla ya mvua, miche huhamishwa mvua zikinyesha, majani huchumwa na kukaushwa katika mabani, kisha husubiriwa soko. Na ujira hulipwa tumbaku ikiisha kuuzwa. Katika miezi yote hiyo hula unga aliotangulizwa na mwenye shamba, na unga huo hukatwa baadaye. Aliyekodiwa kwa jina ni baba, lakini wanaofanya kazi ni yeye na mkewe na watoto. Jani bichi lililolowa umande lina sumu ipenyayo ngozi. Mtoto aliyechuma asubuhi jioni hushikwa na kizunguzungu na kutapika, na watu husema kuwa ni uchovu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kazi ya hatari kwa aliye chini ya miaka 18.

Fikihi nayo ina neno lake. Ujira katika ijara yataka ujulikane. Ukisemwa kuwa ni chochote kitakachopatikana sokoni, mapatano yameharibika, na mfanya kazi ana haki ya ujira wa mfano, sawa na alipwavyo mwingine kwa kazi kama ile, soko liwe zuri au baya. Tena mtoto ana dhima yake mbali na babake. Aliyemtumia mtoto katika kazi yenye thamani, ujira wa mfano wa kazi hiyo ni mali ya mtoto na deni juu ya aliyemtumia. Basi tajiri wa shamba akimpa mtoto yule shilingi mbili tatu siku ya Idi akaziita sadaka, na atazame daftari lake kwanza. Yamkini hakutoa sadaka. Amelipa sehemu ndogo ya deni na kujisifu kwayo.

Haki itimie pia kwa upande wa pili. Mwenye shamba mwenyewe mara nyingi ni mwenyeji fakiri. Mbolea na dawa amechukua kwa mkopo kupitia chama cha msingi, daraja la tumbaku yake hupangwa na wengine, na mkopo ukikatwa hubaki na kidogo au hubaki na deni. Wanawe nao huchuma jani lile lile, bega kwa bega na watoto wa kibarua. Mgeni humwona yeye kuwa ndiye tajiri. Akili ya watu hupenda kufanya mmoja katika hao kuwa mdhulumiwa na mwingine mdhalimu, na katika shamba lile huenda wote wawili wamelala bila ya chakula cha jioni.

Pana jambo jingine ambalo halitajwi sana. Mwenye kuvuna mahindi ya mvua, yakifika pishi 300, hutoa sehemu ya kumi. Jirani yake mwenye tumbaku haimlazimu zaka ya mazao, kwa sababu zaka ya mazao kwa Shafii ni katika chakula cha kuwekwa akiba, na tumbaku si chakula. (Hukumu ya tumbaku yenyewe, na khitilafu ya wanavyuoni juu yake, si mahali pake hapa.) Zaka hushika kwa mfanya biashara mwenye kuinunua ili aiuze, mbili na nusu katika mia mwaka ukitimia. Basi nchi ambayo utajiri wake ni jani, zaka yake haitoki mashambani. Iko katika maghala na maduka. Mwenye duka akiipeleka mahali pengine, huko nyuma hapabaki kitu.

Na pasipobaki kitu, sharia haikunyamaza. Imamu Nawawi katika Minhaji, mlango wa Siyar, amehesabu katika fardhi za kifaya kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa haja haikuondolewa na zaka wala baitul-mali. Fardhi ya kifaya maana yake, wasiposimama baadhi ya watu wakaitimiza, wamepata dhambi wote wenye uwezo waliojua. Tena wenye kuisherehesha Minhaji wameeleza kuwa hukumu hii haikuwahusu Waislamu peke yao. Imewaingia na wasio Waislamu walio katika ahadi na amani. Hili yapasa kulikariri, kwa kuwa wengi katika watu wa Ulyankulu ni Wakristo. Zaka haiwi yao, hilo ni wazi katika madhehebu. Lakini sadaka ya hiari yajuzu kuwapa, na waliosifiwa katika Sura ya Insani kwa kulisha walimlisha na mateka, naye siku hizo hakuwa Mwislamu. Mtoto hana hata dini aliyoichagua. Ana ya wazazi wake. Mtu akiweka sahani mbili akamwondolea mmoja yake kwa sababu hiyo, atafute dalili yake, na haitapatikana kwa urahisi.

Limebaki fungu lile lililokwenda Tanga. Katika madhehebu, kauli iliyo na nguvu ni kwamba zaka haihamishwi kutoka mji wa mali maadamu wamo humo wanaostahiki. Ijapokuwa wako wanavyuoni wa Kishafii waliofutu kwa kuruhusu, na mwenye kuwafuata halaumiwi, hawakuruhusu ili mlango wa karibu ufungwe. Fitiri yeye humfuata mtu pale alipo Ramadhani ikimalizika. Akiwa Tanga siku hiyo, pishi yake ni ya Tanga. Ama bidhaa zilizo Tabora mwaka ulipotimia, mwenyewe akiwa Tanga, au Mombasa, au Maskati, fungu lake ni la watu wa Tabora. Na huyo binamu, kama ni fakiri kweli, ana haki ya kupewa katika mali nyingine, au kwa sadaka mbali na zaka.

Akirudi mwenye duka barazani na fungu ni la mmoja tu, na agawe kati ya wawili. Wanavyuoni hawakuweka kipimo cha chini cha anachopewa kila mmoja. Akitaka kumtanguliza mmoja, na amtangulize aliyekaa muda mrefu zaidi bila ya kula. Hilo hulijua kwa kuwauliza wenyewe, nao watamjibu, kwani mtoto mwenye njaa hujua vizuri tangu lini hakula.