Subira ya Mwenye Akiba

Maji ya Mto Rufiji, Tanzania, hayaondoki bondeni kwa siku moja. Hutoka kwanza kwenye sehemu zilizoinuka, yakakawia kwenye mabonde madogo, na nyuma yake huacha tope ambalo watu wa huko wamelilima kizazi hadi kizazi. Kilimo hicho wanakiita mlau: mahindi, kunde na maboga hupandwa maji yanapopungua, yakakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vya maeneo yaliyoinuka, lakini wengi waliendelea kushuka bondeni na majembe yao, maana usalama ulikuwa juu na chakula kilikuwa chini.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti, maswali yalikuwa yale yale ya siku zote: tupande lini, na tupande nini? Bwana shamba hushauri kwamba uchukue udongo uufinyange kiganjani, na ukishikamana na kuteleza, ungoje. Ni ushauri wa kweli. Udongo uliojaa maji hauna hewa, mbegu huozea humo kabla ya kuota, na anayelima tope huushindilia udongo ukaja kukauka mgumu. Lakini anayechelewa mno naye hukuta unyevu umezama, mahindi yakanyauka yanapotoa mbelewele. Nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili ni finyu.

Nani basi anaweza kungoja? Tumezoea kuihesabu subira kuwa tabia ya mtu, tukamsifu aliyenayo na kumwita mwenye pupa aliyeikosa. Mbele ya shamba lililotoka majini hukumu hiyo inayumba. Kaya iliyobakiwa na mpunga ndani hungoja udongo ukae sawa. Kaya ambayo maji yalibeba kila kitu hutazama mbegu kidogo iliyookolewa na watoto wasiojua wiki ijayo watakula nini, ikapanda mapema kwa matumaini. Mbegu ikioza, hakuna ya kurudishia. Mwenye kaya hiyo hakukosa hekima. Pengine anaujua udongo wake kuliko yeyote anayemlaumu. Akiamua kupanda kunde pale ambapo wataalamu wangetaka mahindi, ana hesabu yake: majani ya kunde huchumwa kuwa mboga baada ya wiki chache, na mahindi ni mpaka miezi mitatu au zaidi.

Ndiyo maana namheshimu sana jirani anayempimia mwenzake kibaba cha mbegu wakati yeye mwenyewe hajui kama maji yatarudi. Kibaba hicho humnunulia mwenzake siku za kungoja, na hilo unga wa msaada peke yake hauwezi, ingawa nao ni lazima. Mbegu inayofika udongo ukiwa umekwisha kukauka hailishi mtu msimu huo, hata ikiwa bora namna gani. Iliyowekwa akiba kijijini kabla ya masika hufika kwa wakati wake. Sisi tunaohesabu magunia yanayopakiwa kwenye malori kwenda kwa waliokumbwa na mafuriko, je, tunahesabu pia siku ambazo ardhi itaendelea kuwa na unyevu?