Mti Ulioletwa Kusaidia

Somo: Yeremia 17:5-8

Yeremia anatuonyesha mimea miwili. Mmoja uko nyikani, kwenye ardhi ya chumvi. Mwingine uko kando ya maji, na joto likija hauna wasiwasi. Tofauti ni pahali ulipopandwa.

Sasa twende Baringo. Miaka ya 1980 wananchi wa kule waliletewa mti unaoitwa mathenge, asili yake bara la Amerika. Nia ilikuwa njema: kuzuia jangwa, kupata kuni na chakula cha mifugo. Na kweli mathenge hauogopi ukame. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji. Lakini ulisambaa haraka pale nyasi zilipokuwa zimeisha. Mbuzi walikula maganda yake matamu, wakatawanya mbegu kwa mavi yao, vichaka vikafunga malisho. Utamu ule ukaharibu meno ya mbuzi. Wailchamus waliishtaki serikali mwaka 2006, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani!

Wacha nikuulize: kwako ni nini kilikuja kama msaada na sasa kimefunga malisho?

Mimi nilisomea biashara, na nakuambia mkopo si dhambi. Mkopo wa kununua cherehani unaweza kujilipa. Lakini kukopa kwa simu ili ulipe mkopo mwingine wa simu, hiyo ni mathenge, ndugu yangu. Leo tamu, mwisho wa mwezi huna meno. Nao huota pale nyasi zimeisha: maombi yamekauka, bwana na bibi hawaongei mambo ya pesa.

Jina la mtaa wetu, Witeithie, maana yake ni "jisaidie". Jina zuri, Mungu hafurahii uvivu. Lakini Yeremia anaonya yule anayetegemea nguvu za mwanadamu huku moyo umemwacha Bwana. Jisaidie, ndiyo, lakini ukiwa umepandwa kando ya maji.

Mathenge ukikatwa juu juu huchipuka tena; lazima uchimbe kisiki. Kwa hivyo leo jioni andika kila deni kwenye karatasi, hata lile mwenzako hajui. Lisomeni pamoja, muombe, mpange la kuanza kulipa. Kama huna wa kuketi naye, njoo Jumatano kabla ya maombi, tuketi na hiyo karatasi. Hakuna atakayekucheka. Amina.