Je, Tungoje Gari la Mwakani?

Baba wa nyumba amekwisha kuweka akiba ya kununua pikapu. Siku ya kutoa fedha anaambiwa: "Ngoja, mwakani litatoka jipya." Je, angoje? Wahenga wametuachia mithali mbili: Subira yavuta heri, na Ngojangoja huumiza matumbo. Zote mbili ni kweli. Kazi ya akili ni kujua ipi ni ya leo.

Desturi ya kubadili magari kila mwaka haikuzaliwa na haja ya mkulima. Kampuni ya Ford iliunda Model T tangu 1908 hata 1927. Ni General Motors, katika miaka ya 1920, iliyowazoeza Wamarekani kutazamia sura mpya kila mwaka, ili gari la jana lionekane kuukuu. Lakini mabadiliko makubwa hayaji kila mwaka: umbo la Hilux la 2004 lilidumu hata 2015. Mara nyingi, basi, anayengoja mwaka mmoja hupata taa na rangi tu.

Sisi twasema hivi: anayengoja kwa sababu iliyo wazi, kama breki bora, au bei ya gari la sasa kushuka, ana busara. Bali anayengoja kwa kuogopa kupitwa na jirani hatanunua kamwe, maana kila mwaka una mwakani wake.

Tena kungoja kuna gharama. Wanaoilipa ni mke abebaye mahindi kichwani, na mgonjwa asiyefikishwa hospitali. Kabla ya kungoja, baba na awaulize hao.