Msimsingizie Mungu Shimo Lenu

Ole wenu, wenye nyumba za kupangisha, mnaotaka kodi ifike tarehe 5 bila kukosa, na ngazi zenu hazijaona taa tangu mwaka juzi! Mpangaji akichelewa siku tatu mnampigia kufuli mlangoni. Balbu ikiungua, mnasema fundi hapatikani.

Hizo ghorofa zenu za Nairobi na Mombasa hamzijui, maana hamkai humo na kodi inawafikia kwa simu. Nendeni mkazipande usiku, na ndoo ya maji mkononi. Mguu huizoea ngazi katika vipandio vitatu vinne vya kwanza. Baada ya hapo hauulizi tena. Ndiyo maana kipandio kimoja kilichozidi vingine kwa upana wa vidole viwili kinatosha kumwangusha mtu mzima mwenye macho yake. Fundi alikosea vipimo pale juu, karibu na mlango, akafidia kwa saruji. Mkaona, mkanyamaza, kwa kuwa kubomoa ni gharama. Kisha mkabandika vigae vya kung'aa, vile vya sebuleni, kwenye ngazi inayopigwa na mvua. Reli ya kushikia? Wapangaji walishahamia, mkaona ya nini tena.

Na huko uani kuna shimo la majitaka. Mfuniko wa chuma ulikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nanyi mkaweka kipande cha plaiwudi na jiwe juu yake. Plaiwudi huoza kutoka chini; juu inaonekana nzima. Mtoto anayekimbiza mpira atajuaje?

Mtu akishaanguka ndipo mnapoikumbuka dini. Mnakwenda hospitali na mkate na juisi na bahasha nyembamba, mnasema ni mipango ya Mungu, ajali haina kinga. Halafu, kwa sauti ya upole kabisa, mnamuuliza mgonjwa alikuwa amevaa viatu gani.

Huyo Mungu mnayemtwika zigo lenu naye alikwisha kusema. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaka aliyeacha shimo wazi alipe, ng'ombe au punda wa mtu akitumbukia humo. Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inamwamuru anayejenga nyumba mpya aweke ukingo darini, nyumba isije ikabeba damu ya mtu. Punda alikuwa na mtetezi; mpangaji wenu hana? Nanyi wa Pwani mliokwenda chuoni utotoni, mnajua kwamba Mtume alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani. Tasbihi iko mkononi, na shimo liko mlangoni.

Hata serikali haikuwaacha. Sheria ya Kenya, Sura ya 34, iliyofuata nyayo za ile ya Uingereza ya 1957, inamtaka anayelisimamia jengo achukue tahadhari ifaayo, ili aliyekaribishwa au kuruhusiwa kuingia awe salama katika shughuli iliyomleta. Inamtaka pia atarajie kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Na kile kibao cha njano cha sakafu inateleza, kinachosimama mlangoni mwa duka mwaka mzima, pakavu na pabichi, mwenye duka asikitegemee sana: onyo humkinga pale tu lilipotosha kumfanya mgeni awe salama. Kibao ambacho hakiondoki hapo hata siku moja, nani anakisoma?

Nanyi wapangaji, msicheke. Karipio hili lina fungu lenu. Mnalikwepa shimo miezi sita, mgeni akija mnamwambia, "Hapo ruka." Mnalifanyia mzaha kwenye kundi la WhatsApp. Bibi wa ghorofa ya tatu akivunjika nyonga mnachanga fedha, na kuchanga ni wema, lakini hilo ni deni la mwenye nyumba mnalomlipia. Picha ya shimo hamkupiga. Barua hamkumwandikia. Shahidi akitafutwa, kila mmoja siku hiyo alikuwa kazini. Kisha miaka 3 ambayo sheria inampa majeruhi kufungua kesi inapita, na bibi bado anatembelea mkongojo. (Anayeshuka ngazi macho yakiwa kwenye simu naye atapunguziwa fidia, na ni haki yake kupunguziwa. Lakini bibi hakuwa na simu mkononi. Alikuwa na sufuria.)

Basi, wenye nyumba, acheni kutuombea tukiwa tumekwisha kuvunjika. Mfuniko wa zege humwagwa kwa nondo chache na mfuko wa saruji, na fundi wa kuchomelea reli yuko hapo kwenye kona, mnapita mbele yake kila mnapokuja kukagua nani hajalipa. Mlipeni kabla hamjaipandisha kodi tena.