Sanduku Ubavuni mwa Ngamia

Mwaka 1996, Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja alibeba masanduku mawili ya mbao, kila moja na vitabu kama 200. Mwingine akabeba hema. Walipofika, mkeka ulitandikwa, watoto wakajikalia kivulini kusoma.

Juzi nilikaa na binti yangu akilichora sanduku la aina hiyo kwenye kompyuta, kwa programu ya Blender, ubao kwa ubao, bawaba kwa bawaba. Lilitoka laini mno. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo halijaona jua la Garissa." Akafifisha rangi, akachubua kona, akaparuza pale kamba inapopita. Moyo wangu ukashtuka. Ndilo!

Naithamini sana kazi hii ya kuchora. Mbao huliwa na mchwa, na mtoto wa kesho anastahili kujua kwamba hapa kwetu kabati la vitabu lilitembea kwa miguu minne. Kisha binti yangu akachora sanduku la pili, akaliweka ubavu wa pili wa ngamia, mzigo usije ukaegemea upande mmoja.